Maneno Mawili ya Nicodemus Mochama

Kwa maoni ya Nicodemus Mochama, Serikali ilikuwa mnyama mkubwa mwenye usingizi mzito, na katika Kiingereza chote kilichopata kuletwa Nyanza Kusini kulikuwa na maneno mawili tu ya kumgutusha: "look into". Imani hiyo ilimlisha yeye, mkewe na binti yake kwa miaka mitano, jambo ambalo imani nyingine nyingi hazijaweza.

Alikaa kwenye veranda ya duka la fundi cherehani mjini Homa Bay, pale barabara inapoanza kupanda kwenda ofisi za wilaya, ili kila mwenye shida na Serikali ampitie yeye kwanza. Alikuwa na meza moja, kiti cha mteja chenye miguu mitatu mizima na mmoja wa kubandika, na taipureta aliyoachiwa na Mhindi mmoja wa pamba aliyekuwa anahama. Herufi "e" ya taipureta hiyo ilikuwa imelegea, ikikaa juu ya mstari kidogo kama mtu anayechungulia ua wa jirani. Juu ya kichwa chake ulining'inia ubao: N. MOCHAMA. BARUA ZA SERIKALI. LOOK INTO IPO.

Maneno hayo aliyapata kwa jasho. Alizaliwa kwenye milima ya Kisii, akasomeshwa na misheni ya Kisabato, na katika darasa la saba akaangukia mikononi mwa mwalimu wa Kizungu, mama mtu mzima mwenye subira iliyokaribia kuwa ugonjwa. Mama huyo aliwaambia wanafunzi kwamba Kiingereza kina vitenzi vichache, lakini kila kitenzi hutembea na kineno kidogo nyuma yake, na kineno hicho ndicho chenye mali. Mochama alielewa upesi kuliko wenzake. Kitenzi ni lori, aliwaeleza wakati wa mapumziko, na kineno ni tanboi. Lori ni lile lile, lakini ukitaka kujua linaelekea Rongo au Migori, muulize tanboi anayening'inia nyuma.

Akanunua daftari, akaandika juu yake LOOK, na ndani akazipanga safari zote za lori hilo. "Look after" ilikuwa ya watoto, ng'ombe na makaburi ya wamisheni. "Look for" ilikuwa ya aliyepoteza. "Look out" ilikuwa ya mtu anayevuka barabara, na mara nyingi humfikia ikiwa imechelewa. "Look down on" ni kile ambacho watu wa milimani huwafanyia watu wa ziwani, na watu wa ziwani huwarudishia bila kupunguza. "Look forward to" huwekwa mwishoni mwa barua, mahali ambapo mwandishi anatarajia kitu na msomaji anatarajia barua iishe. Kuhusu "look into", mwalimu alisema hivi: mtu mkubwa huletewa jambo, akalifunua kama sufuria, akatazama kilichomo mpaka chini. Mochama akaongeza pembeni kwa penseli: Serikali.

Alifundisha Rangwe miaka tisa bila cheti. Baada ya Uhuru wakaja vijana wenye vyeti, naye akashukuriwa kwa barua. Aliandika kuomba abakizwe, na jibu likaja: ombi lake lilikuwa "being looked into", yaani linaangaliwa. Hiyo ilikuwa mwaka wa sitini na nne. Sasa ilikuwa sitini na tisa, na barua hiyo ilikuwa ndani ya sanduku la nguo, chini ya suti yake ya Sabato.

"Baba Orpah," mkewe Bonareri alikuwa akimwambia, akipanga mikungu yake ya ndizi ya kupeleka sokoni, "hao watu wanaokuangalia wewe mwaka wa tano huu, macho hayawaumi?"

"Mambo ya ofisi hayaendi kama ndizi, Mama Orpah."

"Ni kweli. Ndizi zingekuwa zimeoza."

Mochama alivaa koti lake kwenda kazini. Mwanamke asiyejua Kiingereza angewezaje kuelewa uzito wa neno linaloangalia mpaka chini?

Wateja walielewa. Walikuja kutoka Rodi Kopany, kutoka Rangwe, hata kutoka mpaka wa Tanganyika, ambayo siku hizo ilikuwa imeanza kuitwa Tanzania. Kila mmoja alikuwa na mahali pake pa kuumia: daraja lililochukuliwa na maji, chifu mkali, fahali wa polisi aliyekula mahindi. Mochama aliwasikiliza, akaingiza karatasi mbili na kaboni moja, na bila kujali barua ilianzia wapi, ilipofika mstari wa tatu ilimwomba Bwana Mkubwa, kwa unyenyekevu wote, "to look into the matter". Wiki haikwisha kabla jibu halijafika. Lilikuja likiwa limepigwa chapa na kugongwa muhuri, na lilisema kwamba jambo linaangaliwa.

Hapo ndipo ilipozaliwa desturi ya watu wa wilaya ile. Mtu aliyepata jibu lenye muhuri alihesabiwa kuwa ameshinda. Aliliweka ndani ya mkebe wa kahawa, akalitoa siku ya wageni, likazungushwa toka mkono hadi mkono na kurudishwa mkebeni. Mwenye daraja aliendelea kuvuka kwa miguu na maji kiunoni, lakini sasa alivuka kama mtu ambaye Serikali inamjua. Mochama mwenyewe hakumwuliza mteja yeyote kama daraja lilijengwa. Daktari naye, akishamwandikia mtu dawa, hamfuati nyumbani kuhesabu vidonge.

Aliyeandika majibu hayo alikuwa Zablon Omwenga, karani wa barua katika ofisi za wilaya. Wawili hawa walikuwa watu wa kanisa moja. Kila Jumamosi walikaa benchi la tatu, bega kwa bega, wakashika kitabu kimoja cha nyimbo. Kwa kuwa Sabato si siku ya kuzungumza kazi, hawakuwahi kuzungumza kazi. Na kwa kuwa siku nyingine Omwenga alikuwa ndani ya dirisha na Mochama nje, hawakuzungumza kabisa. Walijuana kwa barua. Omwenga aliitambua ile "e" iliyoruka akiwa bado hajafungua bahasha, akatabasamu kidogo, kama mtu anayesikia hatua za jirani yake.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka Nyangi alipokuja mara ya tano.

Nyangi alikuwa mjane wa Kikuria kutoka karibu na Isebania, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Hakujaliwa mtoto wa kiume. Lakini kwa Wakuria nyumba ya namna hiyo haifi kwa sababu ndogo kama hiyo. Mwanamke hutoa ng'ombe, akaoa mke kwa ajili ya nyumba yake, na watoto wa mke huyo huwa wajukuu zake, na shamba huwa lao. Nyangi alikuwa amefanya hivyo mbele ya watu wote. Mkewe aliitwa Milka, na Milka alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka minne.

Sasa walikuwa wamekuja watu wa kupima mashamba. Mipaka ilipigwa kamba, na majina yakaandikwa kwenye daftari kubwa, ambalo lilifunguliwa watu walisome kwa siku sitini. Baada ya hapo lingefungwa, na kilichoandikwa ndani yake kingekuwa kweli hata kama ni uongo. Shamba la Nyangi lilikuwa limeandikwa jina la Gisiri, ndugu wa marehemu mumewe, ambaye alikuwa mwanakamati. Gisiri alikuwa ameieleza kamati kwamba mwanamke asiye na mtoto wa kiume hana nyumba, na asiye na nyumba anataka shamba la nini?

Siku ya ujio huo wa tano zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa. Nyangi aliweka kikapu chini, akaketi kwenye kiti chenye mguu wa kubandika bila kukiogopa, akafunua mkebe.

"Karani," alisema, "majibu nimepata. Nne. Hakuna mtu kwetu ako na nne. Lakini jana Gisiri amelima mpaka kwa mlango ya jiko yangu. Sasa nataka uniandikie ingine, lakini hii uweke ile neno mara mbili."

"Mara mbili, mama?"

"Mara tatu kama nafasi iko."

Akazipanga barua zake nne juu ya meza, moja kando ya nyingine, kama mtu anayeanika samaki. Hapo Mochama, ambaye kwa miaka mitano hakuwahi kuona zaidi ya jibu moja kwa wakati mmoja, aliona jambo ambalo mtu asiye na taipureta asingeliona. Juu ya neno "matter" palikuwa na mchirizi mwembamba wa wino, kama unywele. Barua ya Mei ilikuwa na unywele, na ya Julai pia. Ya Agosti na ya Septemba zilikuwa nao mahali pale pale, umepinda upande ule ule. Sahihi nazo zilipanda kwa mwinamo mmoja na kukatika penye mkia mmoja. Kitu pekee kilichobadilika ni jina la Nyangi na tarehe, vilivyojazwa kwa kalamu.

"Ngoja hapa, mama," akasema. Akavaa koti, akapanda ile barabara ambayo kwa miaka mitano alikuwa amewapandisha wengine.

Omwenga alifurahi kumwona. Mtu anayefanya kazi vizuri hapendi kufanya bila shahidi.

"Ndugu Mochama! Karibu dirishani. Leo umeleta mwenyewe?"

"Ndugu Omwenga, nimekuja kuuliza haya majibu mnayaandikaje."

Omwenga akainama, akafungua kabati, akatoa bunda la makaratasi lenye unene wa tofali. Yote yalikuwa yamechapwa kwa mashine ya kurudufu, na sahihi ilikuwa tayari. Mochama alisoma lile la juu, kisha akainua la katikati: "Your letter has been received and the matter is being looked into." Barua yako imepokelewa na jambo lako linaangaliwa. Unywele ulikuwepo.

"Stensili niliikata mimi mwenyewe," alisema Omwenga, na sauti yake ilijaa unyenyekevu wa mtu anayengoja sifa. "Zamani mwananchi alikuwa anasubiri jibu miezi miwili. Siku hizi ni siku tatu. Barua ikisema 'look into', sisi tunajibu 'being looked into', mambo yanakwisha. Hata D.C. alinisifu."

"Na jambo lenyewe?"

"Jambo gani?"

"Linaloangaliwa."

"Linaangaliwa."

"Na nani, ndugu?"

Omwenga alifikiri. Hakuwa mtu mwongo. "Sasa wewe ni mwalimu," alisema hatimaye. "Isome tena. Imesema linaangaliwa. Kuna mahali imetaja mtu?"

Mochama aliisoma tena. Hakukuwa na mtu. Ilikuwa sufuria imefunuliwa na hakuna aliyesimama jikoni. Akaikumbuka barua iliyo chini ya suti yake, na kwa mara ya kwanza akatamani kujua kama nayo ina unywele.

"Na barua isiyosema 'look into'," aliuliza, "hiyo inakwenda wapi?"

"Ya namna hiyo haijawahi kuja. Zote zinatoka kwako."

"Ikija?"

"Ikija..." Omwenga alitazama bunda lake, kisha kabati, kisha dari, kama mtu aliyeulizwa dunia itakwisha lini. "Ikija itabidi niisome. Nikishaisoma, sina jibu lake. Itabidi ipande juu kwa Bwana Afisa wa mashamba mwenyewe. Lakini ndugu, kwa nini umsumbue mtu?"

Mochama alirudi chini polepole. Wengine wangedhani anafikiria shamba la Nyangi, na kwa sehemu alikuwa analifikiria. Lakini alikuwa pia anaufikiria ule ubao. Mfanyabiashara akigundua kwamba chumvi yake ni mchanga, ana njia mbili, na ile ya pili ni kuendelea kuuza. Njia hiyo ilimjia hadi mlangoni. Angeweza kuandika neno mara tatu kama alivyoombwa, mama angepata jibu la tano, na baada ya siku kumi na tisa angekuwa mjane asiye na shamba mwenye mkebe uliojaa kuliko mkebe wowote wa Ukuria. Alipofika kwenye veranda, Nyangi alikuwa amelala kwenye kiti akiwa ameushika mkebe kwa mikono miwili.

Akaingiza karatasi. Aliandika kwa Kiswahili, kwa kuwa kwa Kiingereza vidole vyake vilikuwa vinaijua njia moja tu. Alipomaliza akamwamsha, akamsomea:

"Bwana Afisa. Mimi ni Nyangi wa karibu na Isebania. Shamba yangu imeandikwa jina ya Gisiri. Nilioa mke na ng'ombe kumi na mbili na watu waliona. Nina mjukuu. Daftari inafungwa tarehe thelathini na moja. Kuja uone kwa macho yako na uulize watu, na kama mimi ni mwongo uniambie mbele yao."

Nyangi alisubiri. "Endelea."

"Imeisha."

"Imeisha namna gani? Ile neno iko wapi?"

"Hakuna, mama. Safari hii hatuweki."

"Karani!" Fundi cherehani alisimamisha mashine yake. "Mimi natoka Isebania, napanda gari mpaka Migori, napanda ingine mpaka hapa, wewe unanipatia Kiswahili? Kiswahili niko nayo mwenyewe! Nimekuja juu ya ile ya wazungu!"

"Ile ya wazungu umepata mara nne. Imekusaidia nini?"

"Imenisaidia majibu."

"Na Gisiri amelima wapi?"

Nyangi alizitazama barua zake nne. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo ilimtisha Mochama kuliko ile ya kuita ng'ombe, "Kwa mlango ya jiko."

"Basi, mama. Ng'ombe walikuwa kumi na mbili?"

"Kumi na mbili. Na mbuzi."

"Mbuzi tumwache." Akaikunja barua. Lakini Nyangi hakuinuka. Alikuwa amekaa kama jiwe la kusagia, na ilikuwa wazi kwamba bila lile neno hataondoka hapo mpaka daftari lifungwe. Mochama alishusha pumzi, akakata kipande kidogo cha karatasi, akakiingiza kwenye taipureta na kupiga herufi nane, kubwa, katikati: LOOK INTO.

"Hii hatumpi Serikali," alisema. "Hii unakaa nayo wewe."

Nyangi alikitazama kile kikaratasi mbele na nyuma, akakifunga kwenye pindo la leso, akaondoka ameridhika. Jioni hiyo Bonareri alimkuta mumewe amelitoa sanduku la nguo uani na kuishika barua ya sitini na nne, akiielekeza kwenye mwanga.

"Wameacha kukuangalia?"

"Nafikiri hawakuanza, Mama Orpah."

Bonareri alikuwa na majibu kama manne tayari, mengine aliyatunza tangu sitini na tano. Alimtazama usoni, akayarudisha yote. "Njoo ule," akasema.

Siku ya tano baada ya hapo Mochama aliletewa bahasha na tarishi. Ndani yake kulikuwa na barua ile ile ya Nyangi, imerudishwa. Bwana Afisa wa mashamba alikuwa mtu wa Pwani, akiwa katika mwezi wake wa saba Nyanza, na katika muda wote huo hakuna aliyekuwa amemwandikia kwa Kiswahili. Aliipokea kama mgonjwa anayepelekewa chakula cha kwao, na kama mgonjwa huyo akaona kimepikwa vibaya. Alikuwa ameisahihisha kwa wino mwekundu kuanzia juu. "Shamba yangu" ilikuwa "shamba langu". "Jina ya" ilikuwa "jina la". "Kuja uone" ilikuwa "Njoo uone", na pembeni mshangao mmoja. Makosa yote yalipewa namba. Chini kabisa, kwa wino ule ule, palikuwa na mstari: Nitakuja Jumanne, tarehe ishirini na moja Oktoba, saa nne asubuhi. Watu wawepo.

Mochama, mwalimu wa miaka tisa, alisoma masahihisho mara tatu kabla hajaiona tarehe.

Jumanne hiyo alisafiri mpaka Isebania, kwa kuwa Nyangi alituma neno kwamba aliyeandika lazima awepo, isije ikaulizwa barua na yeye hana wa kuijibia. Watu walikuwa wamejaa shambani kama siku ya tohara. Gisiri alikuwa amesimama mbele na kamati yake, mtu mnene mwenye koti la jeshi na fimbo nzuri. Afisa aliwasili na gari lake, akashuka, akaisafisha miwani, akamwita Nyangi "Bi. Nyangi", jina ambalo lilimfanya mama huyo ageuke kutazama nyuma.

Gisiri alizungumza kwanza, na alizungumza vizuri. Mtu akifa bila mtoto wa kiume, shamba linarudi kwa ndugu. Huyu mtoto mnayemwona, baba yake ni nani? Taja jina! Nyumba ya wanawake wawili, Bwana Afisa, hata nyinyi Pwani mmewahi kuona?

"Mimi sikuja kueleza ya Pwani," alisema Afisa. "Bi. Nyangi, una neno?"

Nyangi alishika pindo la leso lake kwa mkono wa kushoto. Hakumtazama Afisa. Alimtazama shemeji yake.

"Gisiri," alisema, na sauti ikafika mpaka wa Tanzania, "siku ile ng'ombe yangu kumi na mbili ilitoka hapa kwenda kwa baba ya Milka, nani aliiswaga?"

Watu wakasogea karibu. Kwa Wakuria ng'ombe wa mahari hawaendi wenyewe, wala hawaswagwi na mtu baki. Huswagwa na mtu wa nyumba inayooa, na mtu huyo huwa amekubali kwa miguu yake.

"Ilikuwa zamani," alisema Gisiri.

"Miaka sita. Mvua ilinyesha. Yule ng'ombe mwekundu alikuponyoka mtoni ukaanguka na hiyo koti. Nani aliswaga?"

Mtu mmoja nyuma alicheka. Kisha wa pili. Kila mmoja pale alikuwa amemwona Gisiri akitoka mtoni siku ile, na wengi walikuwa wamesubiri miaka sita wapate sababu ya kumkumbusha. Hata wanakamati wawili waligeuka kutazama milima.

"Niliswaga mimi," alisema Gisiri.

"Na mbuzi ya mswagaji, nani alikula?"

"Mama, yatosha," alisema Afisa.

"Hapana, bwana, aseme mbuzi. Karani alikataa kuandika mbuzi."

"Nilikula," alisema Gisiri.

Afisa alifungua daftari kubwa juu ya boneti ya gari. Jina la Gisiri likakatwa kwa mstari mmoja wa rula, na juu yake likaandikwa la Nyangi, kwa ajili ya mjukuu wake. Kamati ikatia sahihi. Yote yalichukua muda kama wa kuchemsha chai. Mochama, aliyekuwa amengoja miaka mitano kuona mtu akiangalia jambo, aliona kwamba ukilitazama kwa karibu ni jambo dogo sana. Mtu anakuja, anauliza, anaandika. Kabla ya kuondoka Afisa alimwita kando.

"Wewe ndiye mwandishi?"

"Ndiyo, bwana."

"'Shamba' huchukua 'langu'."

"Ndiyo, bwana."

Wiki mbili baadaye Nyangi alifika Homa Bay na jogoo kikapuni. Mochama alimpokea na kuanza kumweleza, kwa upole, ukweli aliokuwa ameuficha: kwamba lile neno halikufanya kazi, kwamba kilichofanya kazi ni Kiswahili chake mwenyewe, na kwamba jogoo apewe fundi cherehani aliyekatiziwa kazi siku ile. Nyangi alimsikiliza kama watu wanavyomsikiliza mtu mwenye homa. Kisha akafungua pindo la leso, akatoa kile kikaratasi kilichochakaa, akakiweka juu ya meza.

"Nilikuwa nimeishika," alisema. "Gisiri alianguka nikiwa nimeishika. Sasa karani, andika ile ya shukrani. Na neno iwe ndani, ya kizungu, kama zamani."

Kuna wakati mwalimu huchoka kufundisha. Mochama aliingiza karatasi. "Nyangi of Isebania," aliandika, "thanks the Government most sincerely for looking into her matter." Ilikuwa, aliwaza, mara ya kwanza katika miaka mitano maneno yale kuandikwa na kuwa kweli.

Omwenga aliitambua ile "e" kabla hajafungua bahasha. Akaona "looking into", akafurahi kwamba mambo yamerudi kama kawaida, akachukua karatasi ya juu kwenye bunda, akajaza jina na tarehe. Siku ya tatu jibu lilikuwa njiani. Nyangi akapokea barua yenye muhuri, ikimjulisha kwamba barua yake imepokelewa na jambo lake linaangaliwa.

Mochama alipopata habari hiyo alishika kichwa. Akatuma salamu kwa mtu aliyekuwa anakwenda Isebania: amwambie mama asiwe na hofu, ni kosa la ofisi, shamba ni lake, barua hiyo aichome.

Salamu za kujibu zilikuja Alhamisi. Mama haogopi. Siku ya Jumatatu Gisiri alikuwa amekuja na jembe la ng'ombe, akilisogeza kidogo kuelekea mpaka, kama anavyofanya mtu anayepima hasira ya jirani. Nyangi alitoka jikoni na barua mpya, akaomba mwanawe Gisiri aliyesoma amsomee baba yake kwa sauti. Kijana alisoma, akatafsiri. Gisiri aliuliza inamaanisha nini, linaangaliwa, wakati limekwisha kuamuliwa. Nani analiangalia?

"Hawajasema," alijibu Nyangi. "Labda yuko kwa hiyo miti."

Gisiri alitazama miti. Akafungua ng'ombe, akageuza jembe, na tangu siku hiyo alilima akiacha hatua sita kutoka mpakani.

Mochama alipomsimulia mkewe hayo, Bonareri aliacha kupanga ndizi zake. Kisha akaingia ndani, akatoa ile barua ya sitini na nne kutoka sandukuni, akaitafutia mkebe.